Kutembea Watamu na watoto: bamvua, buabua wa Whale Island na daraja la Mida

Kusini mwa Watamu, mbele ya mlango wa hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, kuna kisiwa kidogo cha mwamba wa matumbawe kiitwacho Whale Island. Hakuna mtu anayeishi pale. Kuanzia Juni hadi Oktoba, pepo za kusi zikiwa zimetawala, buabua, ndege wa baharini, hukifanya uwanja wa kutagia. Wako wa aina mbili: buabua waridi, mwenye mkia mrefu mweupe na kifua chenye wekundu hafifu, na buabua mwenye mgongo wa rangi ya moshi na mstari mweupe juu ya jicho. Kisiwa kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968, moja ya hifadhi za bahari za mwanzo kabisa barani Afrika. Mwaka 1979 UNESCO iliitambua Malindi na Watamu kuwa hifadhi ya baiolojia ya dunia.

Kwa familia, jambo la kwanza kuelewana kabla ya kutoka nyumbani ni kwamba msimu wa kutaga kisiwani hakwendwi. Kinatazamwa kutoka ufuoni, na kinaonekana vizuri sana ukiwa na darubini na subira ya dakika ishirini. Mtoto wa miaka mitano anaweza kufanya hivyo, na wengi hufanya vizuri kuliko wazazi wao, maana hawana haraka ya kupiga picha.

Mwezi kwanza, saa baadaye

Kosa linaloharibu matembezi mengi ya Watamu ni kuchagua siku kwa sababu ni Jumamosi, bila kuuliza maji yako wapi. Kwenye bamvua kubwa, yaani siku za maji makuu, tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani hii hufikia karibu mita nne. Maji yakijaa kabisa, ufuo mahali pengine hubaki ukanda mwembamba wa mchanga laini chini ya kuta za hoteli, na watoto huchoka kabla ya nusu ya safari. Yakipwa, ufuo uleule hupanuka ukawa uwanja, na mchanga wake ni mgumu kiasi kwamba hata gari la mtoto mchanga lenye magurudumu makubwa hupita.

Hesabu yenyewe wavuvi wameishika kichwani. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua. Robo za mwezi huleta maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu. Siku za bamvua, pwani ya Kenya, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kiasi cha dakika arubaini hadi hamsini. Kwa hiyo siku mbili tatu kabla ya mwezi kukomaa au kuandama, yaani tarehe 12 na 13, kisha 27 na 28 kwa hesabu ya mwezi wa kuandama, kupwa huangukia kati ya saa mbili na nusu na saa tatu na nusu asubuhi. Hizo ndizo siku za kutembea ufuoni na watoto. Jua bado halijachoma, mchanga umeshikana, na bahari imerudi nyuma.

Siku yenyewe ya bamvua kupwa kunakuja saa nne au baadaye kidogo, na mtajikuta mnarudi saa tano na nusu juani. Inawezekana, ila kwa mtoto mdogo si raha. Siku za maji mafu bahari haishuki sana, na kupwa kwake kwa mchana huja alasiri. Kwa watoto wakubwa matembezi ya saa kumi jioni siku hizo ni mazuri. Wakumbushe tu kwamba giza la kwetu halichelewi, saa moja kasoro tayari huoni jiwe lililo mbele yako.

Thibitisha kwenye jedwali la maji la Kilindini kabla ya kwenda. Tofauti yake na Watamu ni ndogo. Kisha shika kanuni moja: toka zikiwa zimebaki saa moja na nusu hadi mbili kufikia kupwa, na maji yakifika mwisho wake uwe umeshageuka unarudi. Watu hunaswa wanapofanya kinyume, wakitoka maji yamekwisha kupwa, wakienda mbali kwa furaha, na kurudi wakikuta njia ya chini ya mwamba imefunikwa.

Ufuo wa kusini hadi mlango wa hori

Watamu ina ghuba zinazofuatana kuelekea kusini: ile ya kijijini yenye visiwa vya mawe, kisha Blue Lagoon, kisha Turtle Bay, na baada ya hapo ufuo mrefu ulionyooka mpaka kwenye ncha ya rasi, karibu na ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Whale Island iko mbele ya ncha hiyo.

Wenye watoto chini ya miaka sita wasianzie kijijini. Panda tuktuk kwenye barabara ya lami mpaka upande wa Garoda, shuka ufuoni kwa kijia cha umma, na utembee kipande cha mwisho tu. Watoto wa miaka minane kwenda juu wanaweza kuanzia Turtle Bay. Katika kupanga, usihesabu zaidi ya kilomita mbili kwa saa. Mtoto hatembei kwa mstari. Anafuata kaa, anarudi, anachimba, anauliza. Ukipanga kwa mwendo wa mtu mzima utamaliza safari unamvuta mkono.

Tembea kwenye ukanda ulio kati ya takataka za bahari na maji. Juu zaidi mchanga ni laini na unachosha. Chini zaidi unaanza mwamba. Wakati wa kusi, mawimbi huleta majani mengi ya bahari na kuyalundika ufuoni, mahali pengine mpaka magotini. Wageni huyaona uchafu. Kwa kweli ni chakula: ndani yake kuna wadudu na kaa wadogo, na kuanzia Agosti vitwitwi, ndege wadogo wa ufuoni, hukimbia pembezoni mwake wakidona. Waache watoto wayafunue kwa kijiti, si kwa mkono mtupu, kwa sababu yavuyavu waliotupwa na mawimbi hulala humo na huwasha hata wakiwa wamekufa.

Mwamba uliokauka unavutia, na ndiko ajali nyingi hutokea. Hapo ndani ya hifadhi hairuhusiwi kukanyaga matumbawe hai wala kuokota kome, hata gamba tupu. Mweleze mtoto sababu yake: gamba hilo ni nyumba ya kaa wa kujikinga anayesubiri kuhama. Wale wanyama weusi wa miiba mirefu hukaa kwenye mashimo ya mwamba, na mwiba wao hupenya kandambili bila taabu. Kome wa umbo la pia, mwenye madoa mazuri, ana mshale wa sumu. Hapana kumshika kabisa. Kuna pia samaki-jiwe, ambaye humtambui mpaka umemkanyaga. Kwa hiyo kanuni kwa watoto ni fupi: mchangani miguu iko huru, mwambani hatupandi.

Juu ya mstari wa maji kujaa mnaweza kukuta vijiti vilivyozungushwa au alama ya kiota cha kasa. Kasa hutaga Watamu, na viota vinalindwa na Local Ocean Conservation, waliouanza mradi huo mwaka 1997. Mayai hukaa mchangani kiasi cha siku sitini. Piteni upande wa bahari, msisimame juu yake, na mkijenga ngome ya mchanga ivunjeni na mfukie mashimo kabla ya kuondoka. Kasa mchanga akitumbukia kwenye shimo la futi moja usiku hatoki, na asubuhi kunguru humkuta.

Mkifika mwisho, kaeni chini. Kukaa kunasaidia mambo mawili: ndege hawaoni umbo refu linalosogea, na viwiko vya mtoto vikiegemea magoti darubini haitetemeki. Darubini ya kukuza mara 8 inatosha. Ya mara 10 na zaidi hutikisika mikononi mwa mtoto akaona ukungu tu. Mwanzo mwambie asitafute ndege. Atafute kwanza ukingo wa kisiwa, kisha apandishe darubini polepole mpaka vitone vyeupe vionekane.

Buabua waridi ni mweupe kuliko wenzake, na akiruka mkia wake hupepea nyuma kama nyuzi mbili. Mdomo wake ni mweusi, na msimu wa kutaga huingia wekundu kuanzia kwenye shina. Yule wa mgongo wa moshi ni rahisi kumtambua, maana huonekana mweusi juu na mweupe chini. Mtaona pia buabua wenye mdomo wa rangi ya chungwa, na wengine wakubwa zaidi wenye mdomo wa njano. Hao hupumzika kwenye fungu au mwambani hata nje ya msimu, hivyo mkija Februari hamrudi bure.

Mchezo bora kwa watoto ni kuhesabu samaki. Kila anayeona buabua anayekuja kisiwani na samaki mdomoni anainua kidole, kwa dakika tano. Samaki mdogo aliyebebwa kukingama mdomoni anapelekwa kwa mwenzi anayechumbiwa au kwa kifaranga. Mwezi Julai, kabla vifaranga hawajawa wengi, hesabu huwa ndogo. Baadaye njia ya angani kati ya bahari kuu na kisiwa hujaa. Mwonyeshe mtoto pia kundi linalopiga mbizi nje ya mwamba. Chini yake mara nyingi kuna sehewa au jodari wanaowasukuma dagaa juu, na manahodha wa Watamu huelekeza chombo wanapoona buabua wanashuka kwa wingi. Ndege na mvuvi wanategemea samaki mkubwa yuleyule awafanyie kazi.

Kwa nini tunakaa mbali

Buabua waridi hutaga yai moja au mawili kwenye mwamba mtupu au kivulini mwa jani, bila kujenga kiota chochote cha maana. Hulalia kiasi cha siku ishirini na tatu, na kifaranga huchukua karibu wiki nne kabla ya kuruka. Mwenzake wa mgongo wa moshi hutaga yai moja tu, ndani ya ufa au chini ya ukingo wa jiwe, na hulalia mwezi mzima karibu. Kwenye joto la mwamba wa pwani, yai lililo wazi halihitaji kulaliwa ili lipate moto. Linahitaji mzazi ili lisipikike. Mtu akipanda kisiwani, kundi lote huinuka. Dakika kumi za picha zinatosha kuua mayai kwenye jua la saa sita. Vifaranga nao hukimbia ovyo, wengine wakatumbukia kwenye nyufa au majini.

Adui wa pili ni kunguru wa Kihindi, yule wa shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea mwambao wote. Anaiba mayai na vifaranga, na anaishi kwa mabaki yetu. Ganda la ndizi, mfupa wa kuku, kipande cha mahamri kilichoachwa ufuoni mkabala na kisiwa, vyote vinamwita. Kwa hiyo kwenye matembezi haya taka za chakula hazifukiwi mchangani. Zinarudi nyumbani ndani ya mfuko uliofungwa, na hilo mkabidhi mtoto mmoja awe mwenye jukumu lake.

Mkipanda mashua kwenda kuogelea na kuangalia samaki, mwambieni nahodha mapema, kwa heshima, kwamba hamtaki kusogezwa kisiwani. Manahodha wengi wanajua kanuni. Wanaovunja mara nyingi hufanya hivyo kwa sababu mgeni amewasihi. Mita mia mbili ni umbali mzuri kwa chombo chenye injini. Mkiwa na shaka, wasomeni ndege wenyewe. Wakiwa wametulia hulala au hujichana manyoya. Wakianza kusimama wote na kuinua vichwa, mmeshakaribia mno. Kundi likinyamaza ghafla kisha likaruka kwa pamoja, rudini nyuma wakati huohuo, msingoje watue. Na ndege isiyo na rubani msiirushe. Ndani ya hifadhi inahitaji kibali, na kwa buabua kitu kinachoning'inia juu yao ni kozi anayewinda.

Mlango wa hori usioge, wala usiwaache watoto wacheze majini pale hata kama yanaonekana ya magotini. Maji yote ya Mida huingia na kutoka kupitia uwazi huo mwembamba, na katikati ya kujaa au kupwa mkondo unamshinda mtu mzima anayejua kuogelea.

Mida: daraja la kuning'inia

Mtu akituuliza achague matembezi mamoja tu na mtoto wa miaka minne, tunamtuma Mida kabla ya ufuoni. Kuna kivuli, hakuna mawimbi, na ndege wako karibu zaidi.

Kando ya barabara kuu ya Mombasa hadi Malindi, kabla ya kufika njia panda ya Gede, kuna kibao cha daraja la mbao linaloning'inia kupita juu ya mikoko. Lilijengwa kwa juhudi za A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi, na mapato yake huchangia karo za wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na hori hii. Daraja lina urefu wa mita 260 hivi na huishia kwenye kibanda cha kutazamia ndege, ukingoni mwa tope. Chukueni kiongozi wa pale. Ni vijana wa Kigiriama waliokulia hapo, na jicho lao linaona kitwitwi ambaye darubini yako haijamwona.

Daraja hutikisika. Mtoto mdogo atangulie mzazi, si kufuata, ili umwone na uweze kumshika. Wasipite zaidi ya watu wachache kwa mara moja, na wasiruke. Mtikisiko huo huwafikia walio mbele, na mtoto anayeogopa katikati ya daraja hakubali kwenda mbele wala kurudi. Kabla ya kupanda, mfunge darubini shingoni na kandambili zibadilishwe na raba au makubadhi yenye mkanda. Kandambili ikianguka matopeni imekwenda.

Simameni njiani kwa ajili ya miti yenyewe. Mkoko una mizizi mirefu iliyojipinda kama matao. Mchu huotesha mizizi midogo iliyosimama wima, inayovuta hewa wakati tope halina. Mlilana hukaa upande wa maji marefu. Jani la mchu lina jambo ambalo watoto hawalisahau: mguse kwa ncha ya ulimi upande wa chini, mtaonja chumvi ambayo mti umeitoa nje. Gome la mkandaa lilitumika kwa rangi na shina lake kwa fito, na boriti za nyumba za mawe za Lamu na hata za Omani zilitoka kwenye mikoko ya mwambao huu.

Saa ya kufika kibandani si wakati wa kupwa. Maji yakiwa yamekwenda, ndege wametawanyika kwenye tope kubwa, wengine mbali mno. Yakijaa kabisa wameondoka kwenda kulala kwingine. Unataka maji yanayopanda, yamefika nusu, yanawasukuma ndege kidogo kidogo kuelekea ulipo. Kumbuka hori huchelewa kidogo nyuma ya bahari ya nje kwa sababu ya mlango wake mwembamba. Tarehe 16 hadi 18 za mwezi wa kuandama, na vilevile siku mbili tatu baada ya kuandama, maji hujaa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa hiyo kuwa kibandani kuanzia saa tisa. Mtapata saa mbili nzuri, na mtarudi darajani kukiwa bado na mwanga.

Ndege wageni wa Mida wana msimu tofauti na wale wa kisiwani. Wengi hufika Agosti na Septemba na kuondoka Aprili, wakitoka nyika za Asia na kaskazini ya mbali. Anayetafutwa na kila mtu ni ndege mkubwa kiasi, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mweusi mnene kama kisu: yule mla kaa. Huzaliana kwenye fukwe za Omani, Ghuba na Somalia, na ndiye pekee katika jamaa zake anayechimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe ndani, ambako joto la ardhi humsaidia kazi ya kulalia. Mida ni moja ya mahali pazuri zaidi Kenya kumwona. Anatembea taratibu, anasimama, kisha anakimbia hatua tatu na kaa yuko mdomoni.

Mpe mtoto karatasi na penseli, achore midomo tu, si ndege mzima. Mrefu uliopinda chini unaingia kwenye shimo la kaa. Mwembamba uliopinda juu kidogo unafagia uso wa tope huku mwenyewe akikimbia kama aliyechelewa. Mfupi wa ndege anayekimbia, akasimama, akadona, unaokota kilicho juu tu. Baada ya midomo mitano mtoto ameshaelewa kwa nini ndege wengi hivyo wanakula uwanja mmoja bila kugombana, na hakuna aliyemhubiria.

Tope lenyewe si la kutembelewa bila kiongozi. Mguu huzama mpaka gotini, na maji hupanda kwa kupitia mifereji iliyo nyuma yako kabla ya kufunika fungu ulilosimama. Upande wa Dabaso, ng'ambo nyingine ya hori, kikundi cha wanakijiji kina daraja lake ndani ya mikoko na mkahawa wa kaa mwishoni. Ndege ni wachache zaidi, lakini kwa mchana wa njaa na watoto waliokwisha kuchoka kutazama, ni chaguo zuri.

Mdomo wa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, tunautaja kwa wenye watoto wa miaka kumi na zaidi pekee. Makundi ya buabua na shakwe wanaopumzika pale ni makubwa kuliko yote ya jirani. Lakini ni mwendo wa matuta ya mchanga bila kivuli, na mtoni kuna viboko na mamba. Bila kiongozi wa kijiji cha Sabaki msiende.

Mfuko wa safari

Maji nusu lita kwa kila mtoto kwa kila saa, na lita moja ya ziada iliyoachwa kwenye chombo mlichokuja nacho. Kofia yenye ukingo pande zote; kofia ya mbele pekee huacha shingo na masikio yaungue wakati mtoto ameinama kwenye mchanga. Leso mbili: moja ya kukalia, moja ya kivuli, kwa maana kwenye ncha ya rasi si kila saa kuna mti. Kibanio cha kutolea miiba, siki kidogo, bandeji, na chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri.

Maji moto hayo ni dawa. Mtu akichomwa na miiba ya mwambani au na samaki-jiwe, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, nyuzi 40 hadi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto hupunguza nguvu ya sumu na maumivu. Mtu mzima ajaribu kwanza kwa mkono wake, kwa sababu mguu uliokufa ganzi hausikii moto. Mwiba ulioingia ndani sana usichokolewe, hukatika vipande. Samaki-jiwe na kome wa sumu ni hospitali bila kungoja, na aliyechomwa na kome afungwe bandeji pana, mguu au mkono usichezeshwe, abebwe.

Kiingilio cha hifadhi hulipwa KWS kwa njia ya mtandao wa serikali, si kwa fedha taslimu mkononi, kwa hiyo malizeni kabla ya kufika mahali ambapo simu haishiki. Beba kitambulisho, bei ya mkazi ni nafuu, na watoto hulipa kidogo. Kutoka Mombasa matatu za Malindi hukushusha njia panda ya Gede, au kabla yake kwa wanaokwenda Mida. Tuktuk za kuingia Watamu ziko hapohapo. Mwambie dereva akurudie saa fulani na mpatane bei ya kwenda na kurudi kabisa, kwa sababu upande wa kusini wa rasi hazipiti nyingi.

Kama nafasi ni moja tu kwa mwaka, njooni mwishoni mwa Septemba au mwanzo wa Oktoba. Buabua bado wako kisiwani, vifaranga wanajaribu mabawa, na ndege walao kaa wameshafika Mida. Wenye watoto wa shule watumie likizo ya Agosti, wavumilie upepo wa kusi unaorusha mchanga machoni, na watembee asubuhi kabla haujashika kasi.

Mkikuta ndege amekufa ufuoni, mwangalieni mguuni. Baadhi wamevishwa pete ndogo ya chuma na watafiti. Andika namba na maandishi yote yaliyomo, piga picha, andika tarehe na mahali, kisha ipeleke taarifa ofisi ya KWS au kwa A Rocha Kenya, kituo cha Mwamba, hapohapo Watamu. Aliye hai msimvue pete, hata kama amechoka na anakubali kushikwa. Mfunikeni kivuli, msogee mbali naye, mkamwite mhifadhi.